Leza ya vinundu vya usoni: niliyojifunza kwenye ngozi yangu

Miaka yote ya ujana watu walinihimiza nisugue uso, eti nina chunusi sugu. Hazikuwa chunusi. Ni vinundu vya tuberasi sklerosisi, ugonjwa wa kurithi unaotokana na hitilafu katika jeni ya TSC1 au TSC2. Si saratani wala haviambukizi, lakini pembeni mwa pua yangu vilikuwa vikitoka damu kwa kuguswa tu na taulo. Foronya haikukosa vidoa.

Nilikwenda kupigwa leza nikiamini siku moja itamaliza kazi. Sikuuliza ni leza ya aina gani, na hapo ndipo nilipokosea. Kuna inayolenga damu iliyomo kwenye vijishipa: hiyo hupunguza wekundu, ila kinundu kigumu kilichochomoza hakiguswi sana. Kukisawazisha hicho, mara nyingi hutumika leza ya kaboni dioksidi, inayounguza nyama tabaka kwa tabaka. Uso wangu ulihitaji zote mbili. Mimi nilifanyiwa ya kuunguza uso mzima bila kujaribiwa kwanza, na kwa kuwa ngozi yangu ni nyeusi, mashavu yalibaki na mabaka kwa miezi. Kwa hiyo sisitiza ijaribiwe kwanza sehemu ndogo, halafu msubiri wiki kadhaa muone ngozi inavyopona. Magamba yasibanduliwe, na jua lisikupige.

Ukipewa nusu kaputi, mtaalamu wa usingizi ajue habari za kifafa, figo na moyo, maana ugonjwa huu huweza kugusa ubongo na viungo hivyo pia. Dawa ya kifafa ya asubuhi ile usiiache kwa sababu tu umeambiwa usile, uliza.

Vinundu hurudi. Niliumia sana vya kwanza vilipochomoza tena, nikadhani daktari ameharibu, kumbe jeni iko palepale. Kilichonisaidia kuvizuia ni sirolimu ya kupaka, dawa inayotuliza mfumo unaovikuza. Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa vinundu hivi mwaka 2022. Ukiiacha, huanza upya.

Kwa mtoto, mara nyingi huanza kuonekana akiwa na miaka 2 hadi 5, kisha huongezeka kwenye balehe. Mpelekeni kwa daktari wa ngozi vikiwa bado vidogo, maana dawa ya kupaka huvimudu vizuri zaidi wakati huo, na huenda leza ikahitajika kidogo tu.