Mpiga Picha wa Saa Moja Mji Mkongwe

SWALI: Mimi na mume wangu tutasafiri kutoka Dodoma kwenda Zanzibar, na tungependa mpiga picha wa kulipwa atupige picha kwa saa moja Mji Mkongwe. Tuafikiane naye nini kabla ya kutuma pesa?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, mwombeni kwanza awaonyeshe picha zote za kazi moja aliyoimaliza, kwa kuwa picha chache zilizochaguliwa humpendeza kila mtu. Kisha aandike, hata kwa ujumbe wa simu, idadi ya picha mtakazopewa zikiwa zimesafishwa, siku ya kuzipokea, na hatima ya malipo ya awali mvua ikinyesha. Asiyekubali kuandika, mwacheni.

Kuhusu wakati, mimi ningechagua asubuhi, kuanzia saa 12:30, vichochoro vikiwa bado vitupu na milango ya nakshi ikipata mwanga laini, ingawa jioni nayo ina uzuri wake pale bustani ya Forodhani, ambako jua huzama upande wa bahari. Vaeni nguo za kusitiri mabega na magoti, na msiwapige picha wenyeji bila kuwaomba ruhusa, kwani vibaraza vile ni nyumbani kwao.