Maswali yenu: Kapasita si panadol

Safari hii barua nyingi ni za matanuru ya tao la umeme, yale yanayoyeyusha vyuma chakavu kwa moto unaoruka kutoka kwenye elektrodi. Twende.

Naishi jirani na kiwanda chenye tanuru la tao. Taa zinapepesa, balbu nimebadilisha mara tatu. Shida ni balbu?

Hapana, acha kumtajirisha mwenye duka. Vyuma vikiporomoka tanuruni, tao hukatika, huwaka tena, hurefuka na kufupika, na volteji ya mtaa mzima hucheza nalo. Jicho nalo ni chongezi: mchezo huo ukifika karibu mara 9 kwa sekunde, badiliko la robo ya asilimia 1 linaonekana kwenye balbu ya waya. Voltimita ya mkononi haitaona kitu, kwa hiyo usikubali fundi akuambie "volteji iko sawa". Dai kipimo cha Pst, yaani kiwango cha kupepesa kinachosumbua jicho, kinachochukuliwa kila dakika 10. Kikivuka 1, malalamiko yako yana msingi.

Naomba jina la stabilaiza nzuri ya tanuru la megawati 40.

Haipo. Hilo si friji.

Tulitozwa faini ya pawa fakta (kuvuta mkondo mwingi kuliko kazi inayofanyika), tukafunga kapasita za kuirekebisha. Zimevimba, mbili zimepasuka, fyuzi zinakatika. Muuzaji anasema tuongeze nyingine.

Mwambieni muuzaji aje alale karibu nazo. Swali hili nimelijibu mara ngapi? Tao halivuti mkondo kwa mpangilio. Linamwaga haimoniki, yaani mawimbi ya ziada yenye kasi mara kadhaa ya ile ya umeme wa gridi, za kila namna: ya 2, ya 3, ya 4, ya 5, ya 7, na vipande vilivyo katikati yake. Kapasita tupu ikikutana na gridi hupata mlio wake, kama ngoma iliyowambwa. Chukua uwezo wa mzungusho mfupi wa gridi (nguvu ambayo gridi ingemwaga nyaya zikigusana) pale mnapounganishwa, gawanya kwa ukubwa wa kapasita, tafuta kipeuo cha pili: ndiyo namba ya haimoniki inayolia. Gridi ya MVA 800 na kapasita za MVAr 32: 800 kwa 32 ni 25, kipeuo chake 5. Hapo mmejitegea haimoniki ya 5 mlangoni, nayo inakuzwa badala ya kupungua. Mkiongeza kapasita hadi MVAr 50, mlio unahamia kwenye ya 4, ambayo tanuru hilohilo linaitoa. Mmekimbia mvua mkaingia mtoni.

Kinachotakiwa ni vichujio: kapasita iliyoungwa na riakta (koili ya waya) na kulengwa chini kidogo ya haimoniki husika, baada ya kupima. Pimeni angalau wiki nzima, tanuru likiwa kazini, si Jumapili limelala. Tena msiguse kapasita iliyozimwa kabla haijamwaga chaji na kufungwa ardhini. Kuzima swichi hakutoshi.

Bosi anaambiwa achague SVC au STATCOM, mitambo ya kutuliza volteji. Bei zimeachana sana. Tofauti ni nini?

Kasi. SVC hutumia thairista, swichi za kielektroniki, na thairista ikishawashwa husubiri mkondo ufike sifuri ndipo izime. Tao halisubiri. Kwa kawaida SVC hupunguza kupepesa kwa nusu hivi. STATCOM hujibu ndani ya milisekunde chache na inaweza kupunguza kupepesa mara 3 au zaidi. Hagfors, Sweden, ilifungiwa ya aina hiyo mwaka 1999 kwa ajili ya tanuru la tao. Lakini kama gridi yenu ni nene, yaani haiyumbi kirahisi, na majirani wako mbali, SVC yaweza kutosha. Na mwambie bosi hii si sadaka kwa majirani: nguvu ya tanuru hufuata mraba wa volteji. Ikishuka asilimia 5, mmepoteza karibu asilimia 10 ya nguvu, na kila mzigo wa chuma unachelewa kuyeyuka.

Niko Sohar, Oman. Tanuru letu linalishwa chuma sponji (chuma kilichotolewa kwenye madini bila kuyeyushwa) mfululizo na linapiga kelele kidogo kuliko la vyuma chakavu nilikotoka. Kwa nini?

Kwa sababu hakuna kipande cha injini kinachoangukia elektrodi. Mnapolisha kidogo kidogo, sehemu kubwa ya kazi hufanyika juu ya chuma kilichokwisha yeyuka, na tao linatulia. Ongezeni povu la slagi, taka inayoelea juu ya chuma kilichoyeyuka, ile wahunzi waliyoiita mavi ya chuma: likifunika tao, kelele, kupepesa na hasara ya joto vyote hupungua. Mafundi wa vyuma chakavu nao wangepata nafuu wakipanga ndoo vizuri, vyepesi juu ili elektrodi zizame haraka, vizito chini. Wanaona aibu kwa sababu haina risiti ya mamilioni.

Sisi tunatumia tanuru la induksheni, linalopasha chuma kwa sumaku ya koili bila tao. Haya yanatuhusu?

Kupepesa, kwa kiasi kidogo. Haimoniki, sana: kigeuzi kinacholisha tanuru, kikiwa cha palsi 6 (kinachokata wimbi la umeme mara 6 kila mzunguko), hutoa ya 5 na ya 7, cha palsi 12 hutoa zaidi ya 11 na ya 13. Kabla ya kununua kapasita, rudi swali la tatu.