Majibu kwa Wapiga Gitaa: Kodi Zilezile, Mitindo Mitatu

*Shikamoo mhariri. Natunga nyimbo zangu mwenyewe kwa galatoni, gitaa lisilo la umeme. Nina rumba, benga na rege, lakini kila anayesikiliza anasema ni wimbo mmoja, ingawa kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) nabadilisha. Nakosea wapi? – Msomaji, Tanga*

Marahaba. Kodi ziache kwanza. C, F na G zinatosha mitindo yote mitatu; kinachotofautisha ni mkono wa kulia na zile nafasi unazoziacha tupu. Wengi hukung'uta nyuzi zote sita mwanzo hadi mwisho, na hapo mtindo hufa.

Kwenye rege, gonga nyuzi tatu nyembamba tu, katika pigo la pili na la nne, kisha legeza vidole vya kushoto papo hapo ili sauti ikatike. Usiviondoe kabisa, nyuzi zitalia ovyo.

Benga imetoka kwa Waluo wa Nyanza, na gitaa lake linafuata nyatiti, chombo cha nyuzi nane. Imba mstari, nyamaza, gitaa lijibu kwa sauti ileile uliyoimba. Ukiimba huku solo, yaani gitaa linaloongoza, inalia juu yako, umeipoteza benga. Msikilize mwanabenga D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, uone anavyopokezana na gitaa.

Rumba ndiyo yenye kazi zaidi. Solo hutembea kwa nyuzi mbili mbili. Chukua uzi wa tatu na wa kwanza, ukihesabu kutoka ule mwembamba zaidi, upige kwa gumba na kidole cha shahada kwa pamoja. Nyuzi hizo zikiwa wazi, uko kwenye C. Uzi wa tatu freti ya 2 (freti ni vile vijichuma vya shingoni) na wa kwanza freti ya 1, uko kwenye F. Freti ya 4 na ya 3, uko kwenye G. Panda na kushuka hapo taratibu mpaka vidole vizoee, ndipo uongeze kasi ya sebene, ile sehemu ya rumba ambapo magitaa huchangamka. Ukipata mwenzako wa ridhimu, afunge kapo (kibanio cha shingoni mwa gitaa) freti ya 5 apige G, C na D; zitatoka C, F na G, ila kwa sauti ya juu isiyogongana na yako.

Kama uko peke yako, somo lako ni mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952. Gumba linashika besi, shahada inaimba. Fanyia mazoezi gumba peke yake kwanza; likiyumba, kila kitu kinayumba.

*Nikifunga kapo gitaa linatoka kwenye tyuni. – Msomaji, Kisumu*

Kapo iko mbali na freti, au inabana mno na kuvuta nyuzi. Isogeze karibu kabisa na freti, nyuma yake kidogo, bana mpaka mtetemo uishe tu, kisha tuni upya ikiwa imefungwa. Na kama nyuzi zina kutu, badilisha. Hazitatulia hata ufanyeje.

*Narekodi kwa simu. Sauti inavuma kama ngoma, na nikiwatumia watu inazidi kuharibika. – Msomaji, Dodoma*

Umeelekeza simu kwenye tundu la gitaa, ambako besi hujazana. Iweke umbali wa sentimita 30, ikitazama freti ya 12, chumbani mwenye mapazia au godoro. Rekodi kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti, na kilele cha sauti kisizidi -6 dB kwenye kipimo cha programu. Ikigonga 0 itakwaruza, na mkwaruzo hautoki tena. WhatsApp hubana sauti, kwa hiyo tuma kama faili la kawaida, siyo kama ujumbe wa sauti.

Kabla ya kuusambaza wimbo, andikeni nani katunga mashairi, nani muziki, na kila mmoja ana asilimia ngapi, wote wasaini. Hakimiliki huanza hata bila usajili, lakini kuusajili wimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au KECOBO, bodi ya hakimiliki kwa walioko Kenya, hukupa ushahidi siku mtu akiudai. Ugomvi wa asilimia huanza wimbo ukishapendwa, na wakati huo hakuna anayekumbuka vilevile.