Sarafu Hushikwa kwa Ukingo: Rozini kwa Wanaoanza Mazingaombwe

Kijana akinifuata barazani kuniuliza habari za rozini, ule utomvu mkavu unaopakwa mkononi sarafu isiteleze, huwa nishajua kabla hajamaliza: sarafu imemdondoka mbele za watu. "Ami, nipake nini?" Hajatokea hata mmoja aliyeuliza kabla ya kuaibika. Na mimi simjibu. Namwambia afungue kiganja, namwekea shilingi 500 katikati, kisha augeuze mkono atembee mpaka kwa muuza kahawa na kurudi. Ikidondoka njiani, rozini haitamfaa kitu. Ikienda ikarudi, hapo tunakaa tunazungumza.

Nimefanya mazingaombwe ya sarafu miaka 18 hapa Unguja, na mara moja moja huvuka Pemba: harusini, sikukuu za watoto, hoteli za Nungwi na Paje wageni wakiwa wengi. Haya nawaandikia nyinyi mnaoanza, hasa mlioona video mtu akisema "paka rozini tu" mkadhani kazi imekwisha.

Tuanze na mshiko wenyewe. Katika ule mshiko mkuu wa kiganjani, ambao kila anayeanza anahangaika nao, sarafu hushikwa kwa ukingo wake. Upande mmoja unaegemea kile kinofu kilichonona chini ya gumba, na upande wa pili unaegemea nyama iliyo chini ya kidole cha kati na cha pete. Katikati ya kiganja pana kishimo, na sarafu inakaa juu ya kishimo hicho kama chungu juu ya mafiga: kinagusa mawe, hakigusi majivu. Gumba linasogea kiasi cha unene wa ukucha, ukingo unabanwa, basi. Ukikaza zaidi ya hapo vidole vitajikunja kama gando la kaa, na hata mtoto wa chekechea atajua umeficha kitu. Yashikeni hayo mafiga, maana tutayarudia.

Mimi nilijifunzia Jaws Corner, ile baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe. Nilikuwa nakaa na sarafu kiganjani jioni nzima, napokea kikombe cha kahawa kwa mkono huo huo, navunja kashata kwa mkono huo huo. Sarafu ikigusa kikombe inalia, na wazee wanageuka. Lakini taabu hasa ilikuja nikisalimiwa: mkono wa kulia una sarafu, na wa kushoto haupewi mtu. Ndipo nikajifunza kuihamisha mkono wa pili huku nainuka kumwamkia mzee. Hakuna zoezi lililonifunza zaidi ya hilo. Miezi yote hiyo sikuwa na rozini, wala sikuijua.

Rozini ni utomvu wa misonobari uliochemshwa mpaka mafuta yake ya tapentaini yakatoka, kikabaki kitu kigumu cha rangi ya asali, kinachovunjika kama kioo. Wapiga fidla wetu wa taarab wanaijua vizuri, kwani bila ya kuisugua kwenye nywele za uta, fidla hailii, inateleza tu. Kipande changu cha kwanza nilipewa na mzee mmoja mpiga fidla, kilikuwa kimepasuka hakimfai tena. Mafundi redio nao wanayo, huwasaidia lehemu ishike, lakini ya kwao mara nyingi imechanganywa na dawa nyingine. Hiyo usiiguse kwa ngozi. Kule Marekani warushaji wa mpira wa besiboli huwekewa kifuko cha unga wake uwanjani, wakaushike kabla ya kurusha, na wazo la kifuko nililitoa kwao.

Mtu akikwambia utumie sandarusi au ubani kwa kuwa vyote ni utomvu wa miti, mkatalie. Nimejaribu vyote viwili. Sandarusi, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizowaleta Unguja wafanyabiashara wa Salem kutoka Marekani, wakiitaka kwa vanishi, ni ngumu mno. Joto la mkono haliifanyi kitu. Ubani una gundi inayoyeyuka kwa maji, kwa hiyo ukikutana na jasho unageuka tui zito, na utanukia nyumba ya maulidi kabla hujafungua mdomo.

Sasa niwaambie nilivyoaibika. Idi moja nilialikwa Pemba kuwachangamsha watoto. Joto lilikuwa kali, na mimi nina rozini mpya, nikaipaka kiganja kizima kama mtu anayejipaka mafuta. Mchezo ulikuwa wa kawaida kabisa. Sarafu inaonekana mkono wa kulia, inatiwa wa kushoto, wa kushoto unafunguliwa, hamna. Halafu ile iliyobaki kulia inatakiwa idondoke kimyakimya kwenye vidole, niitoe sikioni kwa mtoto. Nikalegeza gumba. Haikuja. Nikatikisa kidogo. Haikuja. Nikajisahau, nikafungua mkono nitazame kuna nini, na watoto wote wakamuona Mzee Karume wa kwenye sarafu ananiangalia kutoka katikati ya kiganja. Kitoto cha mbele kikapiga ukelele: "Ami, imekuganda!" Mpaka leo nikenda kule kuna vijana wenye ndevu wananiita Ami Imekuganda.

Kosa lilikuwa la mafiga. Nilipaka majivuni. Rozini iliyo kwenye kishimo hushika uso wa sarafu, na uso ukishashikwa hauna njia ya kuachia isipokuwa kwa kutikisa. Iliyo kwenye mawe mawili hushika ukingo tu, gumba likilegea nayo imelegea.

Kwa hiyo nafanya hivi. Nachukua kipande kisichozidi punje ya dengu, nakifunga ndani ya karatasi, nakiponda kwa mgongo wa kijiko mpaka kiwe unga. Feni nimezima, na pua iko mbali. Unga nautia kwenye kitambaa laini cha pamba kilichokunjwa mara mbili, pindo la kanga kuukuu latosha, nakifunga kwa uzi kiwe kifundo. Kabla ya onyesho naosha mikono kwa sabuni na kuiacha ikauke hasa. Kifundo kinagusa mara moja kwenye kinofu cha gumba na mara moja kwenye nyama ya upande wa pili. Nasugua kila pahali kwa kidole cha mkono mwengine mpaka weupe upotee, kisha kidole hicho nakifuta. Katikati sigusi.

Halafu jaribio. Tia sarafu, geuza mkono, hesabu mpaka 20 huku unapunga mkono kama mtu anayehadithia. Legeza gumba. Inatakiwa ianguke pale pale. Ikichelewa hata kwa pumzi moja, umezidisha, futa uanze tena. Wengi hujaribu kushika tu, wakaridhika, na jaribio la kuachia wakalifanyia jukwaani.

Jambo dogo, lakini limenipata. Kifundo kile kina sura ya hirizi. Mama mkwe alikiona mfukoni mwa kanzu yangu siku ya kufua, na ilinichukua jioni nzima kumueleza, na sidhani kama aliamini. Kitieni kwenye kikopo cha vidonge. Na mbele ya watu wazima semeni mapema kuwa huu ni mchezo wa mikono. Huku kwetu mtu akikuona unatoa pesa sikioni kwa mwanawe anaweza asicheke.

Rozini inafaa lini? Kwanza kwenye kumbi za hoteli zenye kiyoyozi. Unatoka nje mikono ina unyevu wake wa kawaida, ambao ndio gundi bora kuliko zote, unaingia ndani, baada ya robo saa ngozi imekauka kama karatasi na sarafu inateleza. Pili kwa sarafu mpya. Hii shilingi 500 yenye nyati, iliyotoka 2014, ni chuma kilichopakwa nikeli, na ikiwa mpya inateleza kama samaki. Ukingo ukishachakaa kwa miaka michache ya kupita mikononi mwa wauza samaki na makondakta inakaa vizuri zaidi, kwa hiyo ukipata chenji ichague. Tatu unapobeba sarafu tatu nne kwa pamoja. Mmarekani T. Nelson Downs (1867–1938), aliyeitwa Mfalme wa Sarafu, alisifika kwa kuokota pesa hewani moja baada ya moja na kuzitia kofiani, na mchezo wa namna hiyo unataka rundo mkononi. Rundo hushikwa kwa kingo zilezile mbili. Zikishikana nyuso kwa rozini, ukitaka kutoa moja zitatoka mbili na kugongana. (Ukiufanya mchezo huu usitumie kofia zetu za kiua, hazina mlio. Tumia sufuria.)

Pengine pote naiacha. Kuizungusha sarafu juu ya vifundo vya vidole kunataka iteleze, ikikwama imeanguka. Kuipeleka nyuma ya mkono na kuirudisha mbele ni vivyo hivyo. Mchezo wa kujifanya umeitia mkono wa kushoto unahitaji itoke vidoleni bila kusita, na jicho la mtazamaji hukamata msito mdogo kuliko unavyodhani. Sarafu ya kuazima kwa mtazamaji isikutane na rozini kabisa, maana akirudishiwa ataisikia inanata. Na kama baadaye una mchezo wa karata, osha mikono kwanza. Seti nzima ya karata niliiharibu kwa dakika tano.

Hali ya hewa yetu ina mambo yake. Wakati wa kaskazi tatizo si ukavu, ni jasho. Rozini ikikutana na unyevu kidogo inanata vizuri, lakini jasho likiwa jingi na joto likazidi inageuka uji, inaokota vumbi, na baada ya nusu saa una alama mbili nyeusi kiganjani. Usiku wa namna hiyo natembea na leso, nafuta mikono kila nipatapo nafasi, na kifundo nakigusa mara moja tu au nakiacha. Usiache kipande chako ndani ya gari juani. Changu kililainika kikashikana na kitambaa, nikakitupa pamoja na kitambaa chenyewe. Miezi ya kusi mambo ni mepesi, na mwenye ngozi kavu kwa asili anaweza kutosheka na glisirini: tone moja pamoja na maji, ajisugue, asubiri ikauke. Inavuta unyevu kwenye ngozi na haiachi alama. Wengi wenu, kusema kweli, mnahitaji glisirini zaidi kuliko rozini. Na mishikaki ya Forodhani mle baada ya onyesho. Mafuta yakishaingia kwenye mistari ya kiganja hakuna unga utakaoyashinda.

Sarafu nazo huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni kila baada ya kazi. Msizipake ndimu na chumvi zing'ae, hasa zile kuukuu zinazouzwa kwenye maduka ya Mji Mkongwe. Mwenye bahati ya kupata riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, ile yenye mwaka 1780 juu yake, aigeuze autazame ukingo: umechorwa maandishi ya Kilatini yaliyoinuka. Ni pana, inapita milimita 39, na uzito wake ni gramu 28 hivi, kwa hiyo mkono mdogo utahangaika nayo, lakini maandishi hayo yanang'ata nyama ya kiganja vizuri kuliko kitu chochote utakachopaka. Yangu siipaki kitu.

La mwisho ni ngozi, na hili msilipuuze. Rozini huwawasha baadhi ya watu, na mwasho unaweza kuja baada ya miezi ya kuitumia bila tatizo. Mimi nilianza kutoka vipele kati ya vidole, nikapumzika mwezi mzima. Kama plasta ya kidonda imewahi kukuwasha, kuwa na tahadhari zaidi, kwani baadhi ya plasta zina kitu hichohicho ndani yake. Jaribu kidogo upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, usubiri siku mbili. Usijifikiche macho ukiwa nayo, wala usiichome motoni kama udi, moshi wake unaumiza kifua.

Kuitoa, maji peke yake hayatoshi, yanateleza juu yake. Aliyewahi kupasua fenesi anajua la kufanya: mafuta ya nazi kwanza, sugua mpaka ulimbo ulegee, futa kwa kitambaa, halafu sabuni. Ukiwa na haraka, spiriti inaitoa mara moja, ila inakausha ngozi. Kwa wenzangu wanaoswali hili lina uzito wa pekee, kwa sababu kinachozuia maji yasifike kwenye ngozi lazima kiondoke kabla ya udhu, na tabaka la rozini linazuia hata kama halionekani. Maonyesho mengi ya hotelini huanza jioni. Nikisikia adhana ya magharibi nami nina kazi tena baada yake, naitoa yote kwa mafuta na sabuni, natawadha, naswali, na nikirudi ndio nakifungua tena kikopo.