Kipanya kinaganda modemu ikipiga simu: maswali na majibu

Maswali ya safari hii karibu yote yanatoka kwa wenye mashine za Windows 95 na 98, au vifaa vya enzi hizo ambavyo bado vina kazi ya kufanya. Mengi chanzo chake ni kimoja: vifaa viwili, mara nyingi kimojawapo modemu (kifaa cha kuunganisha kompyuta na intaneti kwa laini ya simu), vinagombania mlango mmoja.

Shikamoo fundi. Nina Pentium ya Windows 98. Kipanya ni kile cha plagi ya matundu tisa, modemu ni kadi ya ndani ya ISA (sloti za zamani za mazabodi) ya kilobiti 33.6 kwa sekunde. Nikibonyeza Connect tu, kipanya kinaganda. Simu ikikatika, kinarudi. Nimeshanunua kipanya cha pili. (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Usinunue cha tatu, nacho kitaganda. Kwa dalili hizo kipanya kiko kwenye mlango wa siriali (poti) uitwao COM1, na modemu iko COM3.

Majina ya COM yanadanganya. Yako manne, lakini njia za kuita ni mbili tu: COM1 na COM3 hutumia IRQ 4, COM2 na COM4 hutumia IRQ 3. IRQ ni hodi ambayo kifaa kinampigia prosesa ili aje kuchukua data. Kwenye sloti za ISA hodi inasikika pale waya unapopanda kutoka chini kwenda juu, basi. Modemu ikishaushika waya huo juu, kipanya kikibisha hodi kwenye waya ule ule hakuna kinachopanda, kwa hiyo hakuna anayeitika. Simu ikikatwa modemu inaachia waya na mshale unatembea tena.

Hakikisha kwanza. Fungua Control Panel, System, kichupo cha Device Manager, kisha bonyeza mara mbili neno Computer lililo juu kabisa. Utapata orodha ya IRQ kuanzia 00 hadi 15. Angalia nani wamekaa kwenye 04. Lakini usitulie kwa sababu tu huoni alama ya mshangao ya njano: Windows inajua ilichoambiwa, na kadi inayopangwa kwa jampa (vibanio vidogo vya kuunganisha pini) haina mdomo wa kujieleza.

Dawa ninayoipendelea ni kuihamishia modemu COM2, mradi tundu la COM2 nyuma ya mashine halina kitu. Anza na BIOS, programu ya msingi ya mashine: washa mashine huku unabonyeza Delete, ingia Integrated Peripherals, na Onboard Serial Port 2 uiweke Disabled. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanahamisha jampa, BIOS wanaisahau, na sasa kuna COM2 mbili kwenye anwani (namba ambayo prosesa hutumia kukiita kifaa) moja ya 2F8. Modemu iliyokuwa inapiga simu vizuri haijibu hata AT, amri yake rahisi kuliko zote.

Sasa zima, chomoa waya wa umeme na waya wa simu, gusa bati la kasha, ndipo utoe kadi. Jedwali la jampa mara nyingi limechapishwa kwenye kadi yenyewe. Soma vizuri, maana kadi nyingi zina mafungu mawili ya jampa: moja la anwani, moja la IRQ. Ukihamisha la kwanza na kuliacha la pili, una COM2 inayobisha hodi mlango wa COM1. Unataka 2F8 na IRQ 3. Rudisha kadi, washa, ifute modemu ya zamani kwenye Device Manager, uiongeze upya kupitia Modems.

Jaribio la mwisho liko humo humo kwenye Modems: kichupo cha Diagnostics, chagua COM2, bonyeza More Info. Uone Interrupt 3, Address 2F8, na chini yake mistari ya majibu ya modemu kwa amri za ATI. Mistari hiyo ikitokea, kazi imekwisha.

Kama mazabodi yako ina tundu la duara la PS/2, kuna njia ya mkato: nunua kipanya cha PS/2, ambacho hutumia IRQ 12, kisha uzime COM1 kwenye BIOS. Modemu ibaki ilipo.

Fundi, mimi niliikimbia COM3 nikaiweka modemu COM4. Sasa skrini inajaa mistari modemu ikitafutwa, na mara nyingine mashine inakwama kabisa. Kadi ya skrini ni S3. (Msomaji, Nakuru)

Hii ni ya anwani, IRQ haimo. COM4 inakaa 2E8. Kadi za S3 zimerithi mpangilio wa kadi ya 8514/A ya IBM, na hutumia anwani kama 42E8, 82E8 na 9AE8. Kadi nyingi za ISA husoma biti kumi tu za mwisho za anwani, na ukizikata hizo zote tatu kwenye biti kumi unabaki na 2E8. Kwa hiyo prosesa akiongea na skrini, modemu inadhani imeitwa. Akiitafuta modemu, skrini inashtuka.

Hakuna mpangilio wa Windows utakaotibu hilo. Ondoka COM4. Kama COM1 na COM2 zote zina kazi, irudishe modemu COM3 kwenye anwani 3E8, ila uipe IRQ 5 badala ya 4, kwa jampa kwanza na kwa Windows baadaye: sifa za modemu kwenye Device Manager, kichupo cha Resources, ondoa tiki ya Use automatic settings, halafu badilisha Interrupt Request iwe 5.

Nimeipa modemu IRQ 5 na intaneti inapatikana, lakini sauti imekufa. (Msomaji, Morogoro)

Kwa sababu 5 ndiyo nyumba ya kawaida ya kadi ya sauti ya Sound Blaster na jamaa zake. Kadi ya modemu ikiruhusu 10 au 11, ipeleke huko. Isiporuhusu, ihamishe kadi ya sauti iende 7. Ya 7 ni ya printa, LPT1, lakini printa nyingi kwenye Windows huchapa bila kuitumia. Michezo ya DOS utalazimika kuiambia upya kwamba sauti iko 7.

Modemu ya ofisini inasema hakuna mlio wa laini, kosa 680. Simu ya mezani ikichomekwa pale pale inalia vizuri. (Msomaji, Mombasa)

Angalia nyuma ya kadi kwanza. Kuna matundu mawili yanayofanana kama mapacha, na waya wa ukutani unaingia kwenye LINE. PHONE ni la simu ya mezani.

Kama ni sahihi, basi mlio upo ila modemu haiutambui. Iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani husubiri 350 na 440 Hz zikilia pamoja bila kukatika, na swichibodi nyingi za ofisi zina mlio wao. Kwenye sifa za modemu, Connection, Advanced, andika X3 katika Extra settings. Itapiga bila kusubiri mlio, ila bado itatambua laini ikiwa na shughuli. Na kama mnapiga 9 ili kutoka nje, andika 9 ikifuatwa na koma kabla ya namba. Kila koma ni kituo cha sekunde mbili.

Tahadhari moja: swichibodi ya kidijitali hupitisha umeme ambao modemu ya kawaida haikuumbiwa, na inaweza kuiunguza. Muulize anayeitunza akupe laini ya analogi, kama ile ya faksi.

Nina 486 na modemu ya nje ya 28.8. Kurasa zinafunguka, lakini nikishusha faili kubwa linaharibika njiani. (Msomaji, Kigoma)

Toka Windows, andika MSD (programu ya uchunguzi ya Microsoft) kwenye DOS, bonyeza C, usome mstari wa UART, yaani chipu inayoendesha poti ya siriali. Ukikuta 8250, umempata mhalifu. Chipu za ukoo huo, pamoja na 16450, zina nafasi ya baiti moja tu. Poti ikiwa na kasi ya biti 115200 kwa sekunde, baiti mpya inafika kila maikrosekunde 87; prosesa akichelewa kidogo kwa sababu ya diski, mpya inaifuta ya zamani. 16550A ina nafasi ya baiti 16, yaani karibu milisekunde moja na nusu ya kuvuta pumzi. Tafuta kadi ya ISA yenye chipu hiyo. Kwa sasa shusha poti hadi 19200: itakuwa polepole lakini faili litafika zima.

Kagua waya pia. Kama uliunga kwa adapta ya pini 25 kwenda 9 iliyokuja na kipanya, itupe. Adapta hizo mara nyingi hazina waya za pini 7 na 8, RTS na CTS, ambazo kompyuta na modemu hutumia kuambiana "ngoja kwanza". Bila hizo modemu inamwaga tu.

Windows inasema modemu inatumika, na hakuna anayeitumia. (Msomaji, Tabora)

Tazama aikoni ndogo karibu na saa. Programu ya faksi iliyowekwa kupokea yenyewe huishikilia poti siku nzima. Ifunge, piga tena.

Mizani ya dukani ina waya wa siriali, laptopu haina tundu, nikanunua waya wa USB. Windows imeupa COM11, na programu ya mizani inaishia COM4. (Msomaji, Arusha)

USB haina ugomvi wa IRQ, hapa ni jina tu. Device Manager, Ports, sifa za waya huo, Port Settings, Advanced, kisha chagua COM3 au COM4. Ikiandikwa kwamba namba hiyo inatumika na huoni kifaa chake, ni kumbukumbu ya kifaa kilichowahi kuchomekwa: bonyeza View, Show hidden devices, ufute zile zilizofifia. Baada ya hapo usiuhamishe waya. Ukiuchomeka tundu jingine la USB, Windows inaweza kuuona mgeni na kuupa namba mpya.