Ukiambiwa "Tumia Busara"

Dada mmoja ameniandikia akiwa amechoka. Yeye na mumewe wanajenga kwenye kiwanja cha baba mkwe, na kila akiuliza hati ina jina la nani anajibiwa, "Mwanetu, tumia busara." Anataka kujua kama busara maana yake ni kunyamaza.

Hapana, dada yangu. Neno hili tumelipata kwenye Kiarabu, na asili yake ni kuona. Mwenye busara huliangalia jambo mpaka nyuma yake kabla hajalishika. Ndiyo maana tunasema "si busara kusafiri usiku na watoto", na bungeni mbunge humwomba Spika atumie busara zake. Hapo hakuna anayeambiwa afumbe macho. Lakini majumbani mwetu neno limegeuzwa kufuli, na wanaofungwa midomo ni wanawake, wadogo kwa umri na wasio na kitu.

Mimi niliambiwa hivyohivyo nilipotaka kununua nyumba Kibaha. Muuzaji alikuwa mzee wa heshima, rafiki wa mjomba wangu. Nilipoomba nakala ya hati, mjomba akanivuta pembeni: "Huyu mtu mzima, haombwi karatasi. Tumia busara." Nikamwambia, "Nisamehe mjomba, fedha hizi nimezidunduliza kwa shida. Sitoi hata shilingi kabla ya upekuzi, yaani kuangalia kwenye kumbukumbu za ardhi nyumba ni ya nani na kama ina deni."

Nikapeleka namba ya hati ofisi ya ardhi. Nyumba ilikuwa imewekwa rehani benki na deni halijaisha. Mke wa mzee, nilipokwenda kumsalimia, hakuwa na habari kwamba nyumba anayolala inauzwa. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake!

Niliondoka na fedha zangu zote, na ninajivunia. Ila mjomba hajawahi kutamka kwamba nilikuwa sahihi. Kwenye shughuli za ukoo bado naitwa mjuaji, na inaniuma, kwa sababu yule mzee nilimuuliza kwa adabu zote.

Kwa hiyo nisikilizeni, hasa mabinti. Busara itumike kwenye namna ya kuuliza: mkiwa wachache, kwa sauti ya chini, bila kumwaibisha mtu mbele ya wageni, na kabla fedha hazijatoka mkononi. Swali lenyewe msilimeze. Wala msiridhike na muhuri wa serikali ya mtaa. Muhuri ule unaonyesha mliuziana mbele ya mwenyekiti, hauthibitishi kwamba aliyeuza ndiye mwenye mali. Ardhi ikiwa na hati, fanyeni upekuzi. Ikiwa haina, waulizeni majirani wa mipaka yote, kila mmoja kwa wakati wake, muuzaji akiwa hayupo, kwa kuwa mbele yake wengi husita kusema wanachokijua.