Kwa machalii wapya wa biodizeli: kung'aa si kipimo

Nimewavumilia vya kutosha. Kila anayeingia karakana kujifunza biodizeli, yaani kugeuza mafuta ya kukaangia yaliyotumika kuwa mafuta ya gari kwa methanoli na soda kali (NaOH, si ya kunywa), huja na ugonjwa uleule: akishaitoa gliserini, ule uzito unaotuama chini, anajaza kachupa, anakanyanyua dirishani, anafumba jicho moja, kisha anatangaza, "Hii iko safi." Safi kwa nani? Sabuni iliyoyeyuka humo huioni. Methanoli huioni. Mafuta ambayo hayakugeuka biodizeli nayo yanang'aa vizuri tu, hata ya kula pale dukani si yanang'aa? Waliowatangulia walifanya hivyohivyo, nikasema mpaka koo likakauka. Safari hii naandika, na atakayeniletea kachupa tena nitamwambia akasome.

Hatua za kazi mnazijua, sizirudii. Nasema pale mnapoharibu.

1. Titreti kila dumu, yaani pima asidi yake kwa kudondoshea maji ya soda mpaka sampuli igeuke pinki, kabla hujalimimina kwenye pipa. Mafuta ya hoteli za kitalii mara nyingi yanabadilishwa mapema, ya chipsi za usiku kule Sakina yamekaanga mpaka yamechoka, na ya samaki ndiyo usiseme. Ukishayachanganya hujui tena nani kaharibu. Kwa soda tunaanza na gramu 3.5 kwa lita, tunaongeza namba ya titresheni (mililita za maji ya soda zilizotumika). Ikitoka 2, unapima gramu 5.5, basi. Ikizidi 5, dumu hilo liwekwe pembeni, tutalichanganya kidogo kidogo na mazuri. Na pinki isipokaa sekunde kumi na tano, hiyo bado si pinki. Unatamani kwenda kula, nakuelewa, lakini ongeza tone.

Kuna aliyetitreti kwa soda halafu akapima potasi (KOH, ndugu yake soda) kwa hesabu ileile. Dogo, potasi inatakiwa mara 1.4 ya soda kwa sababu molekuli yake ni nzito zaidi. Bechi ile ilikaa usiku kucha na asubuhi gliserini ilikuwa kidogo tu, ya kulamba na kijiko. Halafu hii soda ya kupimiwa kwenye mfuko wa nailoni sokoni muachane nayo. Ikiachwa wazi inanyonya unyevu na hewa ya ukaa mpaka nguvu zake zinapungua, hasa masika. Nunueni kopo lililofungwa, na kifuniko kirudi mahali pake kabla hujaweka mizani chini.

2. Sufuria za jikoni marufuku. Ni aluminiamu, soda inaila na kutoa haidrojeni, na mmoja wenu alikuwa anafanya hivyo hatua chache kutoka kwenye jiko la mkaa la mama anayetuuzia chai. Mama yule ana wajukuu. Tumieni chuma kisichoshika kutu, au dumu gumu la plastiki lenye alama ya namba 2 kwenye kitako. Mabati nayo hapana, ile zinki yake inaliwa vilevile.

3. Ukipasha mchanganyiko, nyuzi 55, usizidishe. Najua vitabu vinasema 60, na vingine vinawaruhusu mpaka karibu na 65 kwa kuwa methanoli huchemka kwenye 64.7. Hiyo ni kwenye usawa wa bahari. Sisi hapa Arusha tuko mita kama 1,400 juu, hewa ni nyepesi, na methanoli inaanza kuchemka kwenye nyuzi 60 hivi. Kwa hiyo wewe uliyesimama na kitabu mkononi ukikazana kufika 60 ulikuwa unaipika methanoli itoke. Nusu inaenda hewani, nusu kwenye mapafu yako, na mafuta yanabaki bila mwenza wa kugeuka naye. Wenzetu wa Moshi wako chini kidogo, wana nafuu ya nyuzi moja au mbili, nao wasijitape. Kumbukeni pia kwamba moto wa methanoli mchana hauonekani vizuri. Utajua unaungua kwa maumivu. Milango iwe wazi, glovu mkononi, na hakuna cha "naonja harufu".

4. Hapa nitachukua muda, maana hili ni langu.

Ilikuwa Julai, na nilikuwa na kiburi cha mtu ambaye bechi zake hazijarudishwa. Vibanda vingi vya chipsi hukaangia mafuta ya mawese kwa kuwa ndiyo ya bei nafuu, kwa hiyo bechi ile ilikuwa mawese karibu yote. Nikaosha, nikakausha, nikafanya kipimo cha 3/27 kama mnavyokijua: mililita 3 za biodizeli ndani ya 27 za methanoli, tikisa, tazama chini. Hakuna tone. Nikaandika "imepita".

Kitu nilichokipuuza ni kwamba sampuli niliichota moja kwa moja kutoka kwenye tangi la kukaushia, bado ya moto, na chupa ya methanoli ilikuwa imekaa siku nzima juani karibu na mlango. Kipimo kile kina joto lake, nyuzi 20 hadi 22. Methanoli yenye joto inayayeyusha hata mafuta ambayo hayajageuka, kwa hiyo huoni kitu chini, unafurahi. Nilijua hilo. Nilikuwa nimewafundisha wengine hilo! Lakini kulikuwa na kaka mmoja dereva wa utalii amesimama nje na Land Cruiser yake ya injini ya dizeli ya 1HZ, anataka mafuta ajaze, kesho yake ana wageni wa Ngorongoro. Nikamjazia biodizeli tupu, bila kuchanganya na dizeli hata lita moja. Nikampa mkono. Nikamwambia gari litakohoa harufu ya chipsi, tukacheka.

Gari likalala ukingoni mwa kreta, kambi ya Simba, mita zaidi ya 2,000 juu. Anayeijua baridi ya pale Julai ameshaelewa.

Alfajiri simu ikaita. "Kaka, mafuta yako yamelala." Nikadhani ananitania. Akaniambia ameshapiga stata mpaka betri inalalamika, wageni wamekaa ndani na mablanketi, magari ya wenzake yote yameshateremka kreta. Nikamuuliza filta ikoje, akasema ameifungua na ndani kuna kitu cheupe kizito kama samli. Mpishi wa kambi ndiye aliyetuokoa: alikuwa na sufuria ya maji ya chai jikoni, wakaimwagia ile filta taratibu pamoja na bomba la kutoka tangini, wakasubiri, wakarudia, gari likawaka kwa moshi mwingi. Wageni walishuka kreta jua likiwa limeshapanda, na bila chai.

Aliporudi mjini sikuwa na la kusema. Nilinunua filta mpya, nikamtolea mafuta yote tangini, nikamjazia dizeli kwa pesa yangu. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliniuliza tu, kwa upole wa Kichaga unaouma: "Kwani hamkuwa na friji ya kujaribia?" Tulikuwa nayo. Ilikuwa na soda za Krismasi.

Usiku ule nikaitoa sampuli ya akiba, nikagawa mara mbili. Nusu ya kwanza niliiacha nje dirishani, na asubuhi ilikuwa imejaa ukungu mweupe. Biodizeli ya mawese huanza kuganda kwenye nyuzi 13 hadi 16 hivi, na Julai usiku hata hapa mjini tunashuka huko. Nusu ya pili niliipoza vizuri kwenye maji, nikapoza na methanoli, thermomita ndani, nikarudia 3/27. Matone yakashuka na kutulia chini, manene. Kwa hiyo nilikuwa nimemuuzia mtu mafuta yenye kasoro mbili: hayakugeuka yote, na hata yangegeuka yote yasingefaa kwa alikokuwa anakwenda. Kachupa kale, nawaambia, kaling'aa kuliko kachupa kokote mlichowahi kunionyesha.

Tangu hapo mawese na alizeti havikai pipa moja. Ya alizeti inavumilia baridi mpaka karibu na nyuzi sifuri, hiyo ndiyo ya wanaopanda juu. Ya mawese Juni hadi Agosti inachanganywa, sehemu 20 kwa 80 za dizeli, na sampuli yake inalala kwenye friji kwanza. Na msigeukie upande wa pili mkaogopa bure: 3/27 ya mawese ikifanywa kwenye baridi sana inaweza kuweka ukungu ambao si mafuta. Shika chupa viganjani mpaka ifike 20. Ukungu ukiondoka, ilikuwa baridi tu. Matone yakibaki, rudisha bechi kwenye pipa.

5. Yaliyobaki ni mafupi. Kabla ya kuosha, tikisa biodizeli na maji nusu kwa nusu kwenye chupa. Yakigeuka mayonezi, usioshe, kuna kasoro nyuma. Tone kwenye kikaango cha moto likipasukapasuka, bado kuna maji. Gari la zamani likianza biodizeli, mwenye gari awe na filta ya akiba, kwa sababu inasugua uchafu wa miaka yote tangini na kuuleta mbele. Na vipimo vyetu vya chupa ni vya kutusaidia sisi tu: viwango vya Ulaya vinataka maji yasizidi miligramu 500 kwa kilo, asidi isizidi miligramu 0.50 za potasi kwa gramu, na mvuke usishike moto chini ya nyuzi 101. Hayo hayapimwi kwa kikaango. Anayetaka kuuzia watu wasiomjua apeleke sampuli maabara.

6. Lebo iandikwe kwa penseli. Wino wa makapeni unafutwa na biodizeli yenyewe. Tuna rafu nzima ya chupa zenye madoa ya bluu ambazo hakuna anayejua zilitoka wapi. Andika chanzo, titresheni, tarehe, na joto ulilopimia. Joto, jamani.

7. Gliserini bado ina methanoli ndani yake. Najua akina mama wa sabuni wanaitaka na wanawapa hela ya soda, lakini haitoki hapa mpaka ipashwe moto nje, kwenye upepo, mbali na mkaa, methanoli yote iishe. Lile dumu la bluu nyuma ya choo halijapashwa. Asiliuze mtu.